Mi Ishuke Nusu

Mimi nauza nyuzi za nyavu hapa Rumonge, na katika kwaya yetu napiga gita la umeme. Kwa hiyo watu hudhani kwamba nazijua nyuzi. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka ilipofika wiki ya kuondoa kilio cha mama mkwe wangu.

Jumatatu mchana mke wangu Eliana aliingia dukani, akavuta kigoda, akakaa katikati ya marobota, akasema bila hata salamu, "Baba Joanita, ile sauti ya juu siifikii."

"Sauti gani?" nikauliza. Nina tabia hiyo mbaya ya kuuliza jambo ninalolijua, ili nipate muda wa kuogopa.

"Pale kwenye 'nitafika'. Nimejaribu jikoni, nimejaribu bombani. Inakatika kama uzi mbovu."

Mwaka jana Eliana alipasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, Bujumbura. Wiki hiyo hiyo, yeye akiwa kitandani na bandeji, mama yake Yudita alifariki huko Muhuta, akazikwa na ndugu wote isipokuwa binti yake. Rovu lilikwisha. Sauti ilichukua miezi kurudi, na iliporudi ilikuwa nzuri ileile, ila imeshuka kidogo, na haikutaka kupanda tena. Sasa Jumamosi familia nzima ilikuwa ikutane kwa mjomba Leonsi kuganduka, yaani kuumaliza msiba mbele ya watu ili kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Siku hiyo kwaya ingeimba wimbo ambao mama Yudita aliutunga Ulyankulu, Tanzania, miaka ya ukimbizini. Tangu warudi Burundi kiongozi wa wimbo huo ni Eliana, na hakuna mwingine.

"Si umwambie mwalimu Zabroni wa kwaya aushushe?" nikasema.

"Thubutu! Ukimwambia Zabroni umeiambia kwaya nzima. Watasema daktari aliondoka na rovu na sauti juu yake. Wimbo wa mama yangu atapewa mwingine, mimi nitapewa kugawa fanta." Akaanza kuchuna lebo ya karatasi kwenye robota langu. "Kumzika sikumzika. Na kumwimbia nako nikose?"

Nilitaka kumwambia aache kuharibu mali ya watu. Nikashindwa. Nilimwonea huruma mpaka nikajikasirikia, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nikimsikia akiimba chini chini nikijifanya sisikii.

Basi nikapata wazo, na nikaliona ni wazo la mtu mwenye akili. Kama sauti ya mke wangu imeshuka nusu ngazi, gita nalo lishuke nusu ngazi. Utangulizi wa wimbo ule hupigwa kwa nyuzi zilizo wazi, zisizokanyagwa na kidole, kwa hiyo ukiuhamishia mahali pengine kwenye shingo ya gita unakufa. Dawa ni kulegeza nyuzi zote sita, kila mmoja kwa kiasi kilekile, halafu nipige kama siku zote. Vidole vyangu havitajua lolote, na watu ndio kabisa. Tungejua mimi na Eliana basi.

Jioni, nyumbani, nikafungua kwenye simu ile programu ya kupimia sauti. Sisi tuliofundishwa gita na Wakongo tunazijua nyuzi kwa majina yake: mi, la, re, sol, si, na mi nyingine nyembamba. Nikalegeza mi taratibu, nikitafuta mi bemoli, yaani mi iliyoshuka nusu. Simu ikaandika herufi D na pembeni yake alama kama kipande cha wavu. D najua ni re. Mimi nataka mi, simu inanipa re yenye wavu! Nikakaza, ikasema E, ndiyo mi ya zamani. Nikalegeza, ikasema D na wavu wake. Nikalegeza tena, wavu ukatoka, ikabaki D tupu. Nikaitupa simu kitandani.

"Unagombana na nani?" Eliana akauliza.

"Na mtu asiyejua Kifaransa."

Akacheka, kisha akaimba ile "nitafika" pale anapoiweza, si juu zaidi. Akaishikilia. Nami nikakaza, nikalegeza, nikakaza tena kidogo mno, mpaka uzi ukakaa sawa na sauti yake. Nyuzi nyingine nikazifuatisha kwa huo. Nilipoiokota simu kuhakikisha, ilikuwa inaonyesha vilevile D na wavu. Mpaka leo sielewi ilikuwa inakataa nini.

Lakini furaha haikudumu. Nyuzi zilizolegea zililegea kweli. Nikipiga kwa nguvu, zinagonga vyuma vya shingo na kutoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikipiga polepole, hazisikiki. Kila nikibonyeza kidole sauti inayumba. Nililiangalia gita langu la miaka tisa kama mtu anayemwangalia mkewe amerudi na sura nyingine.

Jumatano nikaenda kwa Rachid. Rachid hupiga gita kwenye harusi za Waswahili wenzake hapa mjini, na chumbani kwake ana sanduku la nyuzi anazozileta toka Bujumbura na Kigoma. Nilimkuta barazani anakunywa chai ya tangawizi.

"Amahoro, Casimir. Leo muuza nyuzi anakuja kununua nyuzi? Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni."

"Wacha maneno. Nateremusha gita demi-toni, nusu tu, na nyuzi zinalia ovyo. Nipe namba sita."

Rachid akashusha kikombe. "Namba ngapi?"

"Sita. Hizi ziko tisa, njo maana ziko nzito, zinapigapiga chuma."

Hapo niseme ukweli wangu. Dukani kwangu namba tisa ni uzi mnene kuliko namba sita. Namba kumi na mbili ni mnene zaidi, huo wanatega sangala. Pakiti niliyokuwa nayo ya gita imeandikwa tisa, kwa hiyo siku zote nilijua ninapiga nyuzi za wavuvi wa samaki wakubwa, na nilijivunia jambo hilo.

Rachid alicheka mpaka akakohoa. "Ndugu yangu! Hapa namba tisa njo unywele kabisa, njo nyembamba kuliko zote ziko mu sanduku. Hii haipimwi kama nyavu. Na tena unawaza kinyume. Uzi ukilegea, unakosa nguvu. Sasa unataka kuuondolea na unene? Ukiteremusha sauti, pandisha unene. Beba kumi."

"Nikiweka nene si itakuwa ngumu kwa vidole?"

"Ingekuwa ngumu kama ungekaza mpaka juu. Lakini weye umeteremusha. Unene unaongeza, kuteremuka kunapunguza, mukono wako unasikia vilevile kama zamani."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama mwanafunzi asiyeelewa hesabu na anaogopa kiboko: nyembamba inalegea, nene inakaza, lakini nene ukiilegeza ni kama nyembamba iliyokazwa. Basi kwa nini tusiache tu ile nyembamba? Kwa sababu mke wangu... Ah. Nikachukua pakiti ya kumi na pakiti ya kumi na moja, nikazishika moja mkono huu, moja mkono huu, kama vile vidole vingeweza kupima.

"Kumi na moja acha," Rachid akasema. "Hiyo ungechukua kama ungeteremuka toni nzima. Sasa niambie, kwa nini unateremusha? Nani amechoka sauti?"

"Hakuna."

"Mm." Akanywa chai. "Mficha ugonjwa, kilio humfichua."

Methali hiyo naijua tangu utoto, na sikuipenda siku ile. Nikamshukuru, murakoze, nikaondoka na kumi zangu.

Rachid alikuwa sahihi, kumbe. Nyuzi kumi zilikaa. Alhamisi nilishinda nazivutavuta ili zizoee, maana uzi mpya hushuka wenyewe hata ukiuambia usishuke, na kila baada ya robo saa Eliana ananiimbia ile sauti yake naurekebisha. Mlio wa nyuki ulikwisha. Lakini masikio yangu yaliharibika. Nilizoea miaka tisa kusikia wimbo ule mahali pamoja, na sasa vidole viko palepale na sauti iko kwingine. Nilijiona kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Nikimsikiliza muuza mandazi akipita, namsikia naye ameshuka.

Kulikuwa na kitu kimoja kingine, na hicho ndicho kilichoniponza. Mwalimu Zabroni, kiongozi wa kwaya, amekulia Tanzania na kusomea nota huko huko. Anatembea na kipenga cha kutolea sauti, na hakuna wimbo unaoanza kabla hajakipuliza. Akipuliza pa zamani, kwaya itaanza juu na mimi chini, tupigane mbele ya wakwe. Lazima ajue, na asijue kwa nini. Kwetu wapiga gita, kusema mi imeshuka nusu ni kusema gita zima limeshuka, kwa sababu mi ndiyo tunayoanzia. Basi Jumatano ile ile nilikuwa nimemwandikia ujumbe: "Amahoro mwalimu. Jumamosi ule wimbo wa mama Yudita, mi ishuke nusu. Usiulize kwa nini. Kipenga acha, wafuate gita."

Akajibu upesi: "Nimekuelewa ndugu yangu. Umewaza vizuri sana. Nitawafundisha kuanzia leo."

Nilisoma mara tatu. Atawafundisha nini? Mtu hafundishwi kuanzia chini, anaanza tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kumkataza kuuliza, nikaona na mimi nisiulize.

Ijumaa akanitumia karatasi ya nota kwa mkono wa jirani. Sisomi nota zake za herufi, ila niliona kwamba kila palipokuwa na "m" amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "ma". Nikasema, maskini, ameandika mama kwa kifupi kwa sababu wimbo ni wa mama. Nikaguswa kidogo. Jioni nikapita karibu na kanisa, nikaisikia kwaya inafanya mazoezi. Ulikuwa wimbo ule, na haukuwa ule. Maneno yaleyale, mwendo uleule, lakini kuna kitu kilichokuwa kinauvuta chini kwa ndani, ukawa wimbo wa watu wanaobeba jeneza. Nikasimama barabarani. Nikajiambia, Casimir, masikio yako hayo, wewe mwenyewe uliyaharibu. Nikaenda zangu nyumbani. Eliana hakuwa amekwenda kwenye mazoezi hata siku moja. Alisema kichwa kinamuuma.

Jumamosi, Muhuta. Ua wa mjomba Leonsi ulijaa viti, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, upepo wa ziwa unapeperusha turubai. Mjomba Leonsi, kaka yake marehemu, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu, alisimama akasema maneno ya siku hiyo: kwamba mwaka umepita, kwamba Yudita amepumzika, kwamba kuanzia sasa mwenye jembe arudi kwenye jembe na mwenye wavu kwenye wavu, na mwenye kutaka kuoa aoe. Watu wakapiga makofi. "Sasa tufurahi," akasema. "Kwaya, mutupe ule wimbo wake."

Nikaanza utangulizi. Nyuzi ziliitika vizuri, nene, tulivu, zina kifua. Eliana akaingia na ubeti wa kwanza, na jinsi alivyoingia nilijua tumefaulu: hakuwa anauogopa wimbo. Wanawake wakaanza kuinua mikono. Nikatabasamu kama mjinga.

Halafu kwaya ikaingia na kiitikio.

Walianza pale pale nilipo, sauti ya kwanza sawa kabisa na gita. Lakini neno la tatu likagongana na gita langu kama mlango unaokwaruza sakafu. Wao wako chini kidogo, mimi niko juu kidogo, na sauti zote mbili haziwezi kukaa nyumba moja. Zabroni akanitupia jicho kali. Nami nikamtupia langu. Nikatazama vifunguo vya gita: uzi umeshuka? Nikasikiliza kila mmoja. Haukushuka. Basi ni wao. Lakini watu thelathini wanakoseaje pamoja, na mahali pamoja, na tena kwa raha? Nikadhani ni ugonjwa wa masikio yangu tu. Lakini nikaona wageni nao wamekunja nyuso, na makofi yameacha.

Kiitikio kikawa kinakwisha. Eliana alikuwa aanze ubeti wa pili, ule wenye "nitafika". Akageuka kunitazama. Mdomo ulikuwa wazi, na machoni nilisoma kwamba hajui aende upande wa kwaya au upande wangu. Nilijua jambo moja, na katika kuchanganyikiwa kote kwa wiki ile ndilo pekee nililokuwa na hakika nalo: akinyamaza sasa, hataimba tena, si leo wala siku nyingine.

Nikainua kidole kimoja. Ni hicho tu. Katika ule mkono wa kwanza, yaani mpangilio wa vidole ambao kila mpiga gita hujifunza, ukiondoa kidole cha shahada kwenye uzi wa sol, furaha yote inatoka, na kinachobaki ni huzuni. Gita likakubaliana na kwaya. Eliana akafumba macho, akaingia.

Sikuwahi kuusikia wimbo ule hivyo. Alipofika kwenye "nitafika" alipanda, na sauti ilikuwapo, ikamsubiri, akaisimamia. Akaishikilia mpaka watu wakaacha kutikisa viti. Kisha ikapasuka katikati, na kilichotoka hakikuwa wimbo tena. Mke wangu alilia. Alilia kwa sauti kubwa, amepiga magoti, akimwita mama yake kama mtu aliyepata habari asubuhi ile. Shangazi zake wakamfuata mmoja mmoja, na kwaya, kwa sababu Zabroni hakuwapa ishara ya kuacha, ikaendelea kuimba. Mimi nilipiga huku sioni nyuzi. Nililia nami, nisifiche.

Wakati wa chakula watu walikwepa kututazama. Mjomba Leonsi alituita, mimi na Zabroni, kwenye benchi lake. "Nielezeni," akasema. "Tulikuja kuondoa kilio ao kukirudisha?"

"Mzee, mimi nilifuata maagizo," Zabroni akasema. "Casimir aliniandikia mi ishuke nusu. Nikaona amefikiria jambo la heshima, wimbo uwe wa maombolezo. Nimewafundisha siku tatu. Halafu yeye mwenyewe anakuja kupiga mi ya zamani!"

"Mi gani?" nikamaka. "Mi yangu ilikuwa imeshuka! Gita zima lilikuwa limeshuka!"

"Mi ya wimbo, ndugu yangu. Do, re, mi. Sauti ya tatu. Ukiishusha nusu inaitwa ma, si nilikuandikia kwenye karatasi? Ma! Popote utakapoanzia do, mi ni ya tatu kutoka hapo."

"Popote? Mi haiendi popote! Mi ni uzi, uko hapa!" Nikapiga shingo ya gita kwa kiganja.

Tulitazamana. Kwa Wakongo walionifundisha mi ina mahali pake, haihami. Kwa Watanzania waliomfundisha yeye mi ni mkimbizi, inahama na kila wimbo. Miaka tisa tumepiga pamoja tukisema neno moja, na hatukuwahi kugundua kwamba tunasema maneno mawili. Nilitaka kucheka nikaona si mahali pake.

"Sawa," Zabroni akasema, sauti imepoa. "Kosa langu na lako. Lakini bado hujanijibu. Kwa nini ulitaka gita lishuke?"

Nikatia tonge kubwa la ugali mdomoni. Nikatafuna. Nikawaza kusema ni nyuzi mpya, ni joto la ziwa, ni jenereta. Wote wawili walikuwa wananisubiri nimeze.

Eliana alikuwa amekuja na sinia la samaki wa mikeke wa kukaanga. Macho yalikuwa mekundu na uso umevimba. Aliliweka sinia mbele ya mjomba wake, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Mi, mwalimu," akasema. "Mi ndo nimeshuka. Nusu. Tangu waliponipasua."

Mjomba Leonsi akasogea kwenye benchi mpaka mwisho kabisa, akapapasa kwa mkono ile nafasi iliyobaki.

"Ikala hapa, mwana wanje, mwanangu," akasema. "Ile siku ya kuzika hatukukungojea."